Punda na maksai nira moja inawezekana? Na sisi wa mwambao tulilipata wapi neno "nira"?

#1 Mkulima_Marafa
Habari za jioni wadau. Nina maksai mmoja, kama kilo 300, na punda dume wa kilo 130 hivi. Maksai anajua plau, punda anajua mkokoteni. Maksai hana mwenzake kwa sasa na masika yako mlangoni. Nataka kuwafunga nira moja nilime eka 2 za mahindi hapa Marafa, udongo mwekundu wa kichanga. Inawezekana?

La pili ni la lugha. Nira tunaisikia kanisani, kwenye hotuba, kwenye mashairi: nira ya ukoloni, nira ya umaskini. Lakini toka Malindi mjini nenda Mambrui, endelea hadi Ngomeni, mashamba ni ya jembe la mkono au trekta. Watu wa mwambao walilipata wapi neno la kitu wasichokitumia?

#2 Fundi_Mokowe
Usiwafunge, kaka. Nira ya shingoni imekusudiwa ng'ombe mwenye nundu. Mti unalala mbele ya nundu, na ng'ombe akiinamisha kichwa anausukuma kwa nundu na sehemu ya juu ya mabega. Punda hana nundu, na pale juu ya mabega yake ni mfupa na ngozi basi. Mti unateleza, unasugua, na siku mbili hazipiti kabla hujaona kidonda. Nguvu ya punda iko kifuani.

Halafu kimo. Punda wetu wengi hawafiki sentimita 115 begani, maksai wa kilo 300 anamzidi. Mti ukiinama unamwegemea aliye mfupi, kwa hiyo aliye dhaifu ndiye unayemtwika.

#3 Mwana_wa_Ganda
Kumbukumbu la Torati 22:10 imeshakataza kulima kwa ng'ombe na punda pamoja. Jambo hili lina umri kuliko sisi sote humu.

#4 Daktari_Mifugo_Kilifi
Na katazo hilo linakwenda na maumbile, hata zaidi ya aliyosema fundi #2. Ng'ombe hucheua. Akishakula anataka saa za kutulia acheue, ukimkatisha muda huo anakonda hata kama majani ni tele. Punda hacheui, hula kidogo kidogo kwa muda mrefu, mpaka usiku. Ratiba inayomfaa huyu inamkondesha yule. Mwendo nao haulingani: maksai hatua ndefu za polepole, punda hatua fupi za haraka, kila dakika mmoja anamkaba mwenzake.

Sasa nguvu. Mnyama wa kazi huvuta kwa saa kadhaa mfululizo takriban sehemu moja kwa kumi ya uzito wake. Maksai wako kilo 30, punda 13. Punda huweza kuzidi hapo, lakini usipange kazi kwa kutegemea ziada hiyo. Jumla 43, wakati maksai wawili wa uzito huo wangekupa 60. Ukilima kina cha sentimita 10 badala ya 20 kwa upana uleule, mzigo unapungua karibu nusu.

#5 Mhandisi_Watamu
Tunakataa haraka mno. Kinachokataliwa na maumbile ni nira, si kazi ya pamoja. Kule Moroko wakulima hufunga ngamia na punda kwenye plau moja. Siri ni kila mnyama avae vazi lake la kuvutia, halafu kamba zao zikutane kwenye mti wa mizani nyuma yao, juu ya mnyororo wa plau.

Mti wa mizani ni wenzo. Tundu la mnyororo likiwa katikati, wote wanavuta sawa, na hapo ndipo aliye dhaifu huumia. Ukilisogeza tundu kumwelekea mwenye nguvu, yeye ndiye anayebeba zaidi. Kwa uzito wa #1: mti wa sentimita 100, tundu liwe sentimita 30 kutoka upande wa maksai na 70 kutoka upande wa punda. Maksai atavuta asilimia 70, punda 30. Hiyo ndiyo 30 kwa 13 ya daktari.

#6 Fundi_Mokowe
Hesabu naikubali. Watu wengi hugeuza, wanalisogeza tundu kumwelekea mnyonge wakidhani wanampunguzia. Hapana, wanamzidishia. Toboa matundu 3 au 4 kwa nafasi ya sentimita 5 ili uweze kurekebisha shambani. Ila ujue mizani inagawa mvuto tu. Hatua haigawi, na pembe haizuii.

#7 Mwanahistoria_Amu
Nije kwenye swali la pili. Malindi ilipofufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya nafaka na ufuta, na yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Mwenye shamba aliyekuwa na watu hakuona haja ya kumfundisha maksai. Kitu kilichofungwa shingoni mwambao huu kilikuwa kongwa: mti wenye panda, shingo inaingia kwenye panda, kijiti kinapigiliwa kwa mbele, na ncha ya nyuma inashikwa na mwenzake au inafungwa kwenye kongwa la pili. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1907. Ndiyo maana nira kwetu ni neno la dhuluma kabla halijawa neno la kilimo. Sikio la mwambao likisikia mti shingoni linakumbuka watu.

#8 Daktari_Mifugo_Kilifi
Maalim #7, kwa heshima, baada ya 1907 kulikuwa na miaka mingi ya kuanza. Kilichozuia ni mbung'o. Toka msitu wa Arabuko-Sokoke hadi Witu na Boni kuna mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, humwangusha kwanza mnyama wa kazi, kwa sababu kazi na njaa humpunguzia kinga. Ng'ombe wa Waorma wanastahimili kuliko ng'ombe wengine wa aina ya Boran, lakini kustahimili si kutougua. Anayetaka maksai huku aweke akiba ya kinga: sindano ya isometamidiamu hukinga takriban miezi 2 hadi 4, na ipigwe kabla msimu wa kulima haujaanza. Ukisubiri ameanza kukonda umechelewa.

#9 Minazi_Mambrui
Mbona mnalipita lililo wazi? Ukanda wa pwani wenyewe ni minazi, mikorosho na miembe. Plau linataka mstari mrefu ulionyooka. Kati ya minazi unageuza kila baada ya hatua chache na ncha ya plau inanasa mizizi. Mahali pengine chini ya sentimita 20 ni mawe ya matumbawe, plau linaruka na mpini unampiga mshikaji mbavuni. Marafa ni hadithi nyingine, huko ni wazi.

#10 Mwana_wa_Ganda
Mimi nasema nira kwa maana ya kushindwa tumeletewa na wamisionari, nao waliitoa kwa Warumi. Warumi waliwashinda Wasamni, jirani zao wa Italia ya kale, mwaka 321 kabla ya Kristo wakawapitisha chini ya nira.

#11 BintiShela
Kaka #10, ni kinyume. Wasamni ndio waliowapitisha Warumi, baada ya kuwazingira kwenye njia nyembamba ya milimani huko Caudium. Na "nira" yenyewe ilikuwa mikuki, miwili wima na mmoja juu. Maana ya kutawaliwa ni ya zamani kuliko kisa hicho pia: Yeremia 27 ina nabii anayevaa nira shingoni kuonyesha utawala wa Babeli.

Na si lazima limngoje mmisionari. Kiarabu kina "nir", maana yake ileile, na mwambao umesikilizana na Waarabu kwa karne nyingi. Neno husafiri kwenye jahazi bila ng'ombe.

#12 Mwana_wa_Ganda
Nimesahihishwa, shukrani dada. Lakini kuwepo Kiarabu hakuthibitishi lilipitia bandarini. Mfasiri wa Biblia naye alikuwa na kamusi ya Kiarabu mezani.

#13 BintiShela
Hilo ni kweli, njia zote mbili ziko wazi. Ila tazameni "jozi". Hilo tunalo kila siku: jozi ya viatu, jozi ya karata. Linatoka kwenye Kiarabu "zawj", yaani kimoja cha viwili, mume au mke, herufi zimepinduliwa zikawa "jawz". Waarabu walilipata kupitia Kiaramu, na Kiaramu kwa Kigiriki "zeugos", ambalo ni wanyama wawili waliofungwa nira pamoja. Kwa hiyo anayesema jozi anasema nira bila kujua. Na kwenye nikaha kitenzi cha kuozesha kwa Kiarabu ni cha mzizi huohuo.

Kwa hiyo mimi namjibu #1 hivi: mwambao ulipokea nira mara mbili. Mara moja kama nira yenye mti, mara moja kama jozi iliyosahau mti wake. Ya pili ndiyo iliyokaa nyumbani.

#14 Nahodha_Matondoni
Maneno matamu, dada. Lakini basi mbona ndoa tunaiita pingu za maisha, wala si nira za maisha? Pingu inamzuia mtu asiende, nira inamfanya aende na mwenzake. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na kwa Waamu, watu wa Lamu, kuungana hakuanzi na ng'ombe wala na pingu. Kunaanza na mbao. Mtepe, chombo chetu cha kale cha baharini, haukuwa na msumari hata mmoja: mbao zilitobolewa kandokando, zikashonwa kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na kila tundu likazibwa kwa kijiti ili kamba isirudi wala maji yasipite. Mshono unacheza kidogo chombo kikigonga fungu la mchanga, ubao wa msumari unapasuka. Mfano wake uko makumbusho ya Lamu, nendeni mkaone kamba zinavyopita.

#15 Minazi_Mambrui
Nahodha, kila uzi wewe unaufikisha majini! Ila hilo la kucheza kidogo linaihusu nira pia. Kamba ya koo ikikazwa sana mnyama anakabwa.

#16 Fundi_Mokowe
Umesema kweli tupu. Kati ya kamba ya koo na shingo lazima ngumi ipite. Vijiti vya kushuka pande mbili za shingo viachie nafasi ya kiganja, ng'ombe aweze kugeuza kichwa. Vikibana, mti unasokota shingo kila anapogeuka.

#17 Mwanahistoria_Amu
Kuhusu "kitu wasichokitumia": wazee wa Lamu walikuwa na vinu vya mafuta ya ufuta vilivyozungushwa na ngamia aliyefunikwa macho. Mti mrefu, mnyama mmoja, duara moja. Kwa hiyo kumfunga mnyama kwenye mti haikuwa ajabu. Kilichokosekana ni wawili. Na shamba la plau linataka wawili.

Nasimama pia na swali la mvua. Mvua ya masika huanza Aprili, na Mei ndiyo kilele. Maksai anatakiwa mwisho wa kiangazi, pale alipo mwembamba kuliko wakati wowote. Mwenye jembe la mkono haingojei nguvu ya ng'ombe.

#18 Daktari_Mifugo_Kilifi
La kiangazi nalikubali kabisa na ni la kushughulikia, si la kulalamikia. Kuanzia wiki 6 kabla ya kulima mpe mashudu juu ya mabua. Mabua peke yake ni ya kujaza tumbo. Maji kabla ya kazi na baada ya kazi, na chumvi ya kulamba. Lakini mbung'o bado nasimama nayo.

#19 Mkulima_Marafa
Shukrani wote, nimepata zaidi ya nilichouliza. Nira ya pamoja nimeiacha. Njia zilizobaki ni mbili: kuazima maksai wa pili, au kununua punda wa pili niwafunge punda wawili plau jepesi. Eka 2 zitachukua siku ngapi? Na vazi la punda linatengenezwaje?

#20 Mhandisi_Watamu
Siku kwanza. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Plau likikata upana wa sentimita 20, mnyama anatembea kilomita 20 kuimaliza, mizunguko ya kugeuza hujahesabu. Kwa mwendo wa kilomita 2 na nusu kwa saa ni saa 8. Usiwafanyishe zaidi ya saa 4 kwa siku, alfajiri hadi jua lipande, kwa hiyo eka 2 ni siku 4 kwa maksai, ongeza ya 5 kwa kugeuza. Punda wawili pamoja ni mvuto wa kilo 26 tu, wape kina kidogo na siku zaidi.

Jambo la kupendeza: eka yenyewe ilizaliwa kwenye kazi hii. Uingereza ya zamani ilihesabu eka kuwa kazi ya siku moja ya maksai na plau.

#21 Fundi_Mokowe
Maksai wawili kwanza, maana ndiyo rahisi.

Mti wa nira ya kulimia: urefu wa sentimita 120 hadi 150, unene wa sentimita 10 au 12, shingo hadi shingo kati ya sentimita 75 na 90. Mvinje unapatikana kila mahali huku lakini ni mzito, na ukikauka haraka unapasuka. Ukaushe kivulini, ncha zake zipake mafuta au rangi. Mwembe unachongeka vizuri ila wadudu wanaupenda. Pale panapokaa shingo pachonge mviringo mpana, usiache kona, kisha piga msasa mpaka kiganja kiteleze. Vijiti viwe sentimita 40 hivi. Pete ya katikati ifungwe kwa bolti na wosha pana pande zote mbili, msumari utapasua mti.

Kama maksai wa kuazima ni mkubwa kuliko wako, fanya kama kwenye mizani: sogeza pete kumwelekea yeye. Shingo hadi shingo ikiwa sentimita 80, ukisogeza sentimita 8, yeye ana 32 na wako 48. Yeye atabeba asilimia 60.

Nira hii usipalilie nayo. Kwa mistari ya mahindi ya sentimita 75, nira ya palizi iwe na sentimita 150 shingo hadi shingo, ili chombo cha palizi kipite katikati na kila maksai awe na njia yake upande wake. Watu hupalilia na nira ya kulimia halafu wanashangaa mahindi kukanyagwa.

#22 Minazi_Mambrui
Ongezea mnyororo, fundi. Ukiwa mfupi unapanda kwa mwinuko mkali, plau linainuka, linakwaruza juu juu, na shingo zinavutwa chini. Urefushe, plau litazama. Wengi huegemea mpini kwa nguvu zote kumbe tatizo ni pingili 3 za mnyororo.

#23 Mwana_wa_Ganda
Na pande. Plau la kawaida linageuza udongo kulia, kwa hiyo wa kulia ndiye anayetembea ndani ya mtaro. Yeye yuko chini kwa kina cha plau. Ukiwa na mrefu na mfupi, mrefu aende kulia, mti utalala sawa. Na ukishawapanga usiwabadilishe. Maksai aliyezoea kulia akiwekwa kushoto anamsukuma mwenzake atoke njiani.

#24 Fundi_Mokowe
Sasa punda. Hakuna nira hapa. Ni mkanda wa kifua, upana wa sentimita 8 hadi 10. Mikanda ya viti vya gari ni mizuri ukishona miwili sambamba, ndani weka turubai laini la pamba. Mpira wa tairi usiuguse ngozi, unashika jasho. Kamba ya nailoni inakata kama kisu.

Mahali pa mkanda ndipo wengi hukosea. Juu sana unabana koo, punda anakoroma na kusimama. Chini sana unagonga kifundo cha bega na hatua inakatika. Upite juu kidogo ya kifundo cha bega na chini ya koromeo. Mkanda wa pili, mwembamba, upite juu ya shingo kuushikilia usishuke. Kila punda na mti wake mdogo wa sentimita 50 au 60 nyuma, kamba zisimsugue mapaja, halafu miti midogo miwili inaingia kwenye mti wa mizani wa #5, tundu katikati kama punda ni sawa.

#25 Daktari_Mifugo_Kilifi
Kila jioni pitisha kiganja mahali mkanda au mti ulipokaa. Joto lisilopoa, manyoya yaliyolala, uvimbe laini: hapo bado hujachelewa, mpumzishe na utafute kinachosugua. Ngozi ikishachubuka, chemsha nusu lita ya maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe, osha mara mbili kwa siku. Oili chafu ya gari isitiwe kabisa, inaunguza na kuingia mwilini. Na asifungwe hadi ngozi izibe. Kubandika kitambaa juu ya kidonda kisha ukafunga mkanda juu yake kunakizamisha ndani. Walio upande wa Lamu wana kliniki ya punda ya Donkey Sanctuary, iko pale tangu 1987, wapelekeni mapema.

#26 BintiShela
Fundi, hayo maneno yote, mti wa mizani, kamba ya koo, mkanda wa kifua, unayasema kwa Kiswahili bila kukwama. Basi mwambao haukukosa lugha ya nira hata kidogo.

#27 Nahodha_Matondoni
Swali langu la pingu bado halijajibiwa.

#28 Mwanahistoria_Amu
Nahodha, pingu na kongwa zilifika hapa kwa safari moja. Nadhani pingu ilibaki mdomoni kwa sababu watu waliiona kwa macho. Dada #13 atasema jozi ilikuwepo kabla yake. Mimi siwezi kumpinga, wala sijakubali.

#29 Mkulima_Marafa
Maksai wa kuazima amepatikana upande wa Magarini, ni mkubwa kuliko wangu, kama kilo 360. Kesho naanza kuchonga mti wa mvinje. Pete niisogeze kiasi gani?

#30 Fundi_Mokowe
Kwa 360 na 300, pete iwe sentimita 36.5 kutoka kwake na 43.5 kutoka kwa wako, kama shingo hadi shingo ni 80. Usitoboe kesho. Funga pete kwa mnyororo uliozungushwa mti kwanza, walime nusu saa, utazame mti. Mmoja akitangulia kila mara, sogeza pete kumwelekea huyo sentimita 1, urudie. Mti ukitulia ndipo utoboe. Na mkubwa aende kulia.